Saa Moja Kabla ya Kula

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako kabla sijamkata mtu shingo, na usishtuke, mimi si jambazi, mimi ni kinyozi, nimekuwa kinyozi tangu nikiwa kijana asiye na ndevu zake mwenyewe, na duka langu lina viti viwili, vioo viwili na benchi moja la kungojea ambalo watu hukalia hata kama hawana nywele za kunyoa, maana wanapenda maneno yangu. Wateja waliniita Mkono Mwepesi kwa sababu nilikuwa naweza kupitisha wembe kooni mwa mtu huku tunacheka na yeye asijue kama umepita. Nasema nilikuwa, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Miaka michache iliyopita nilianza kuchoka uchovu usioeleweka, nasinzia nimesimama, nasikia baridi wakati wenzangu wanajipepea, uso umevimba, sauti imekuwa nzito, mpaka mke wangu akanikokota hospitali, nikapimwa damu, nikaambiwa tezi yangu ya shingoni, hiyo wanayoiita thairoidi, imekuwa mvivu, haitoi homoni za kutosha, na nitameza kidonge kila siku ya maisha yangu. Wenzangu wa kwenye benchi walicheka wakasema huo ni ugonjwa wa akina mama, nami nikacheka nao, ndiyo tabia yangu. Daktari alisema kidonge nimeze saa moja kabla ya kula, na mke wangu, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, alilishika neno hilo kama kiapo. Kila asubuhi saa moja ikifika, hata nyumba iwe inaungua, kidonge kiko kiganjani mwangu, chai ya maziwa iko mbele yangu inafuka moshi, mkate umeshapakwa siagi, na yeye amekaa ng'ambo ya meza ananitazama kooni mpaka aone kimeshuka. Nakisukuma kwa chai yake, tunakula, tunawasengenya majirani kidogo, naenda kazini. Yeye ndiye aliyejua tarehe za kurudi kupima damu, yeye ndiye aliyemuuliza daktari maswali, na daktari akiona damu bado haijakaa sawa anaongeza nguvu ya kidonge, akaongeza na mara nyingine tena, na mimi kazi yangu ilikuwa kumeza tu.

Sasa mwaka jana binti yetu akajifungua mapacha. Anaishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, mume wake anafanya kazi za zamu, na mke wangu akafunga sanduku akasema anakwenda wiki chache tu, mpaka shingo za watoto zikaze. Shingo zimekaza, watoto wamekaa, wametambaa, sasa nasikia wanasimama kwa kushika kochi, na bibi yao hajarudi. Hatujagombana, naomba ieleweke hivyo. Hakuna mwanamke mwingine wala mwanaume mwingine, hakuna aliyemtukana mwenzake, ni siku tu zilikuwa zinapita na kila mmoja anasema wiki ijayo.

Mshauri, mtu akikuona umezungukwa na watu mchana kutwa hawezi kuamini kwamba ukifunga duka unaogopa kwenda nyumbani. Nafagia nywele ambazo nimeshazifagia, nafuta vioo ambavyo vinang'aa, mteja wa mwisho namnyoa polepole na kumuuliza habari za wanawe mmoja mmoja, mpaka ananiambia, "Jamani fundi, niachie niende, mke wangu atanifungia mlango," na hajui kwamba amenichoma, maana mimi wa kunifungia mlango sina. Nikifika nafungua mwenyewe, nabisha hodi kwa mazoea, halafu naona aibu kama vile kuna mtu amenisikia. Televisheni naiwasha siyo niitazame, ila isemeseme. Chakula nakula nimesimama karibu na jiko, sufuria mkononi, kwa sababu ile meza ina viti viwili, na nikikaa kwenye changu natazamana na kile cha pili. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Chai nilijaribu kupika, ikanitoka ya watu wawili, nikaimwaga nusu, kesho yake hivyo hivyo, nikaacha kabisa. Siku hizi namezea kidonge changu maji matupu saa ile ile moja, nimesimama, naondoka, na kitu cha kwanza kuingia tumboni ni chakula cha mchana.

Usingizi ulianza kuniaga taratibu, nikadhani ni upweke tu, mtu aliyezoea kulala na mwenzake atalalaje. Lakini sasa imezidi. Nikiweka kichwa kwenye mto moyo unapiga mpaka nausikia masikioni, jasho linanitoka na dirisha liko wazi, nageuka huku, nageuka kule, kunakucha macho yakiwa makavu. Nimekonda, mkanda nimeutoboa tundu jipya, na wateja wananisifu, eti fundi umerudi ujanani, unafanya mazoezi wapi? Nawajibu kwamba ni mapishi yangu mwenyewe yanayonikondesha, wanacheka. Na hasira zimekuja ambazo sikuwa nazo, juzi nimemfokea mtu kwa sababu alikohoa. Na mikono, mshauri, mikono inatetemeka. Si sana. Nikishika kikombe wewe huwezi kuona, nikishika wembe naona mimi.

Kuna kitu sijamwambia mtu, nakuambia wewe kwa kuwa hunijui. Mke wangu ni msemaji wa kitandani. Mchana ni mtu wa kazi, maneno yake unaweza kuyahesabu, ila taa ikizimwa tu anaanza, nani kamwambia nini, jirani kanunua nini, shemeji yake kasema nini na yeye alitaka kumjibu nini akajizuia. Na mimi nilikuwa nalala katikati ya habari, kila siku, na yeye alikuwa akinuna, akisema hata siku moja sijawahi kusikia mwisho wa habari yake. Ni kweli, sijui mwisho wa habari hata moja. Nimejaribu redio, kuna mama mmoja ana kipindi chenye sauti nzuri ya kubembeleza, lakini redio haisimami katikati ikakuuliza, "Umelala?"

Ndipo akaja mteja wangu mmoja, mhudumu wa ndege, kijana mtanashati ambaye hapandi ndege bila kupita kwangu. Akayaona macho yangu mekundu, akacheka. "Fundi, umekesha wapi wewe?" Nikamwambia usingizi umenihama. Aliporudi kutoka safari yake akanitolea mfukoni kichupa cha vidonge vinaitwa melatonini. "Sisi tunaoruka usiku na mchana ndivyo tunavyolalia," akasema. "Na wala si dawa, mzee wangu. Ni kitu ambacho mwili wenyewe unakitengeneza. Hakina neno." Nikameza kimoja, nikapata usingizi kidogo, nikamshukuru Mungu. Baada ya muda kimoja hakinitoshi, nikameza viwili, kisha vitatu, na sasa hata sihesabu, navimwaga kiganjani tu. Nalala usingizi mzito wenye ndoto za ajabu, naota nywele zinaota sakafuni, nafagia, haziishi, halafu nagutuka moyo unakimbia, na asubuhi kichwa ni kizito utadhani nimevaa chungu.

Asubuhi mojawapo ya hizo alikuja mwalimu mstaafu ambaye nimemnyoa ndevu tangu zikiwa nyeusi. Akaegemea, akafumba macho, maana kwangu huwa anajipatia usingizi wake wa bure. Nilipofika chini ya sikio mkono ukaruka, wembe ukamkata ncha ya sikio. Jeraha si kubwa, lakini damu ya sikio haina kiasi, taulo lote likawa jekundu. "Si kitu," akasema, "si kitu, endelea." Nikamalizia kwa mashine. Aliniaga vizuri, akanishika na bega. Wiki iliyofuata nikamwona anapita upande wa pili wa barabara, ndevu zimeshanyolewa na mtu mwingine, anatazama mbele tu ili tusionane. Sikumlaumu. Ila niliingia ndani, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikalia, na nikajipaka povu la kunyolea uso mzima ili atakayeingia asijue.

Na hapo bado sijafika kwenye linaloniuma zaidi. Nywele za wajukuu zangu hazijaguswa tangu wazaliwe. Binti yangu amesema hakuna mkono utakaoshika mkasi vichwani mwa wanawe kabla ya mkono wa babu yao, basi zimekuwa kichaka, zinawaingia machoni. Mke wangu akipiga simu ni hilo tu: "Baba, njoo basi hata kwa siku mbili, uwanyoe wajukuu zako." Nami namjibu kwamba kazi zimenizidi, msimu huu watu wananyoa sana, kama vile nywele zina msimu. Nitamwambiaje kwamba naogopa kichwa cha mtoto? Mara ya mwisho akaniuliza polepole, "Kwani wewe huko mzima? Unalala?" Nikacheka. Nikasema, "Nalala kama pono! Tangu uondoke na kelele zako hata sijui kumekucha saa ngapi. We kaa tu huko, mama." Akacheka kidogo. Halafu akasema, "Haya, basi nikae." Tangu siku hiyo simu zake ni fupi, hujambo, sijambo, watoto wazima, haya.

Mshauri, naomba unijibu haya tu. Mtu mwenye ugonjwa wa tezi kama mimi anaruhusiwa kutumia melatonini, na kama anaruhusiwa, nimeze vingapi ili nilale moja kwa moja na mkono utulie? Daktari sijamwona tangu mke wangu aondoke, maana tarehe alikuwa nazo yeye kichwani, vidonge vya tezi nanunua tu duka la dawa kwa cheti kile kile cha mwisho. Na mke wangu usiniambie nimwambie. Nataka nipone kwanza, mkono ukae sawa, niende nikawanyoe wale watoto kiume, mambo yaishe bila mtu kujua kwamba yalianza. Kichupa kinakaribia kuisha na kijana wa ndege anarudi karibuni, kwa hiyo tafadhali nijibu upesi, nimechoka, nimechoka sana.

Ni mimi, aliyekuwa Mkono Mwepesi

* * *

Kaka yangu kinyozi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka hata kidogo. Pole. Pole kwa meza, kwa ile chai uliyoimwaga, na kwa lile povu usoni. Sasa pole imeisha, weka wembe chini. Sisemi ufunge duka. Mashine unayo, mkasi wa kichwani unao, fanya kazi na hivyo, ila koo la mtu usiliguse kwa wembe mpaka mkono wako utulie. Anayetaka ndevu za wembe mwambie unaumwa. Na yule mwalimu mfuate nyumbani kwake, mikono mitupu, umwombe radhi na umweleze sababu, maana yeye amekimbia wembe, hajakukimbia wewe.

Mimi si daktari, na kila nitakachokuambia hapa utakipeleka kwa daktari wako akikubali au akikatae. Ila kabla ya kukujibu nilimpigia simu mfamasia ninayemwamini, nikamsomea barua yako bila kumwambia wewe ni nani, jambo ambalo lilikuwa rahisi kwa kuwa hata mimi sikujui. Nilitaka anieleze habari za melatonini. Hatukufika huko. Nilipofika kwenye chai akanikatisha.

"Hebu rudia hapo. Anakimezea chai ya maziwa?"

Nikarudia.

"Na mkate papo hapo?"

"Papo hapo."

Akashusha pumzi. "Daktari alimwambia saa moja," akaniuliza, "au alimwambia muda wa saa moja?"

Umeona mlipojikwaa? Daktari hakuwaambia umeze asubuhi saa moja. Aliwaambia umeze, kisha ukae muda wa saa nzima tumboni hamna kitu, ndipo ule. Mkeo akasikia saa moja, akatazama ukutani, akaiona saa moja ndiyo ile pale, mambo yakaisha. Wala simcheki, ningesikia hivyo hivyo, na daktari angetia neno dogo tu katikati tusingefika hapa. Hicho kidonge cha tezi kina maringo yake. Kikikuta chakula tumboni, na hasa maziwa, sehemu yake inapita bure bila kuingia mwilini. Kwa hiyo muda wote ule ulikuwa unameza kizima na mwili unaambulia kipande, damu haikai sawa, na daktari, ambaye hakuna aliyemwambia habari za chai, anaongeza nguvu akidhani kipimo ni kidogo.

Halafu mkeo akaondoka. Meza ikakushinda, chai ukaacha, ukaanza kumezea maji matupu na kukaa na njaa mpaka mchana. Yaani ni upweke ndio uliokufanya ufuate maagizo ya daktari sawasawa kwa mara ya kwanza, ila kwa kidonge kilichokuwa kimeongezwa nguvu mara kadhaa. Huenda sasa kinakuzidi. Moyo kwenda mbio, jasho, kukonda, hasira, mikono kutetemeka, usingizi kukimbia, vyote hivyo mfamasia alivitaja mwenyewe kabla sijamsomea. Wewe ukavibandika vyote jina la upweke ukaenda kuvitafutia dawa ya usingizi. Nimesema huenda, sikiliza vizuri. Anayejua ni damu yako, na damu yako hujaipeleka ikapimwa tangu mapacha hawajui kukaa!

Kwa hiyo kesho asubuhi unakwenda hospitali, wateja watasubiri. Mweleze daktari ulivyokuwa unameza zamani na unavyomeza sasa, na kile kichupa umwekee mezani akione, pamoja na idadi uliyokuwa unaimwaga kiganjani, usimdanganye kama unavyomdanganya mkeo na wateja wako. Tarehe ya kurudi uishike wewe mwenyewe, una kichwa na una ukuta wa kuiandika. Kidonge cha tezi usikiache kwa uamuzi wako wala usikikate nusu. Na najua tayari umeshawaza kurudia chai ya maziwa ili kipunguzwe makali. Thubutu! Kipimo anapunguza daktari, hakipunguzwi na birika. Na ikiwa kabla ya kesho kifua kitabana, au moyo ukawa unaruka mapigo, au ukaanguka kwa kizunguzungu, usingoje kukuche, gonga mlango wa jirani akupeleke saa hiyo hiyo.

Sasa hiyo melatonini. Kijana wa ndege hakukutakia mabaya. Ni kweli mwili unaitengeneza, giza likiingia inauambia mwili kwamba usiku umefika. Lakini homoni za tezi nazo zinatengenezwa na mwili, na umeona zikizidi zinakufanya nini, kwa hiyo neno "cha mwilini" lisikulaze. Yeye usiku wake unahamahama, leo uko huku kesho uko kule, ndiyo maana anahitaji kuambiwa kwamba ni usiku. Wewe usiku wako uko pale pale, ni moyo ndio unaokimbia. Wapo wenye ugonjwa wa tezi ambao daktari anawaruhusu kuitumia, kidogo na kwa muda mfupi, na wapo ambao anawakatalia, lakini hilo ni baada ya damu kukaa sawa na daktari kujua kila unachomeza. Kuongeza vidonge hakukuongezei usingizi, kunakuongezea hicho chungu cha asubuhi, na chungu hicho ndicho kilichosaidia kumkata mwalimu sikio. Usivimeze tena mpaka daktari aseme. Kijana akirudi mnyoe, mshukuru, na kichupa kipya mrudishie.

Hapo nimekujibu ulichoniuliza. Nakuja kwenye ulichonikataza.

Wewe mwanaume wewe! Mkeo amekuuliza kwa Kiswahili chepesi kabisa, unalala? Unadhani alitaka habari za usingizi? Alitaka kujua kama nafasi yake bado ipo. Nawe ukamwambia tangu aondoke na kelele zake unalala kama pono. Kelele hizo hizo ndizo ulizoniandikia mimi, mtu usiyenijua, kwamba bila hizo huwezi kulala. Mimi umeniambia, mwenye sauti yake umemnyima. Amesikia kaa tu, akakaa. Amekuita mara ngapi ukawanyoe wajukuu zako, unamjibu msimu wa nywele. Unadhani akizima taa huko anawaza nini? Anawaza kwamba mume wake ameshazoea. Wote wawili mmejikausha, kila mmoja anangoja mwenzake aseme, na katika ninyi wawili anayejipatia riziki kwa kuongea ni nani?

Unasema unataka kupona kwanza, uende kiume. Unataka kufa na tai shingoni, hiyo ndiyo tafsiri yake. Lakini usije ukageukia upande wa pili ukampigia simu ukaanza na ugonjwa. Ukimwambia moyo unakimbia na mkono unatetemeka, atapanda basi la kwanza, sina shaka naye hata kidogo. Ila atakuja kukuuguza, na mkono ukitulia atajiuliza kama kazi yake imeisha. Kwanza ajue kwamba unamtaka. Ugonjwa utafuata, wote, bila kuficha, pamoja na habari ya saa moja, na hiyo umweleze kwa upole na bila utani, kwa sababu atajilaumu, na yeye alikuwa anakutunza kwa namna aliyoijua.

Inawezekana asirudi kesho. Mapacha si mchezo na binti yenu anamhitaji, kwa hiyo mpange kama watu wazima, mwezi huu nenda wewe, mwezi ujao aje yeye. Na usingoje mkono. Wale watoto wanamtaka babu, habari za kinyozi hawana, nywele wafungwe vibanio mpaka utakapokuwa tayari. Ukifika wabebe. Mkono unaotetemeka unabeba mtoto vizuri tu ukiwa umekaa kwenye kochi. Na asubuhi ukiwa kwako, ukishameza kidonge, una saa nzima hapo ya kungoja kula, ambayo najua itakuwa ndefu. Mpigie mkeo saa hiyo. Mwambie akumalizie habari zake, anza na ya shemeji. Halafu pika chai, ya mtu mmoja, kaa kwenye kiti chako uinywe.

Lakini simu ya kwanza ni leo, barua hii ukimaliza kuisoma. Usianze na wateja wala hali ya hewa. Sema, "Mke wangu, bila wewe nyumba imenishinda." Ni maneno machache kwa mtu wa maneno mengi. Ukishayasema mzaha utakupanda mdomoni, nakujua sasa, umeze. Atanyamaza. Atanyamaza muda mrefu, utaogopa, utatamani kucheka umwambie ulikuwa unatania. Usiseme neno, kaka yangu, na usikate simu.